Muziki wa sauti za msituni zisizosikika: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ninatunga muziki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sauti za wanyama ambazo sikio la mtu halizipati: vilio vya popo vilivyo juu mno, mingurumo iliyo chini mno, vishindo vya mchwa ndani ya udongo. Nikimaliza kupiga, iwe Ibanda au Kadutu, watu hawaendi nyumbani mara moja. Wanakuja mezani kuuliza. Maswali mengi yanafanana, nayo ni maswali mazuri, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu.

Kama sauti haisikiki, wewe uliisikia vipi?

Sikuisikia. Mashine ndiyo iliyoinasa, nami nikaiomba inirudishie polepole.

Sauti ni mtikisiko. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde ndiyo masafa ya sauti, na mtikisiko mmoja kwa sekunde tunauita hezi 1. Sikio la kijana mwenye afya linaanzia kama hezi 20 na kuishia kama hezi 20,000, yaani kilohezi 20. Umri ukisonga, sauti za juu ndizo zinazopotea kwanza. Mzee wa miaka 60 na mjukuu wake wakiketi kwenye baraza moja hawasikii usiku mmoja.

Wanyama hawakuwekewa mipaka hiyo. Popo wengi wanaokula wadudu hulia kati ya kilohezi 20 na 120, na wako wanaopita hapo. Tembo hunguruma hadi chini ya hezi 20. Halafu kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: viumbe ambao sauti yao haipiti hewani. Inapita ndani ya shina, ndani ya jani, ndani ya udongo, na sisi tumesimama nje, kwenye hewa. Kwa hiyo ninaposema "zisizosikika" nina maana ya mambo matatu tofauti, na kila moja lina chombo chake.

Nani wa kwanza kugundua haya?

Katika miaka ya 1790 Mtaliano Lazzaro Spallanzani aliwanyima popo macho, wakaendelea kuruka bila kugonga kitu. Masikio yao yalipozibwa, wakagonga. Alijua kwamba masikio yanahusika, ila hakujua wanasikiliza nini, kwa sababu yeye mwenyewe alisikia kimya. Jibu lilichelewa hadi 1938, pale Donald Griffin, akiwa bado mwanafunzi Marekani, alipowapeleka popo wake mbele ya chombo cha mwanafizikia G. W. Pierce kilichoweza kunasa masafa ya juu. Kile chumba kilichoonekana kimya kilikuwa kimejaa kelele.

Habari ya tembo naipenda zaidi, maana iko karibu na kazi yetu. Mwaka 1984 Katy Payne, mtafiti aliyesoma pia muziki, alisimama karibu na tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetemeka bila kusikia chochote. Akakumbuka mabomba makubwa ya kinanda cha kanisani alipokuwa mtoto, zile noti za chini ambazo mtu huzihisi kifuani. Akarudi na vifaa, na ikawa kweli: tembo walikuwa wanazungumza chini ya sikio lake.

Unaishushaje sauti ya popo hadi tuisikie?

Kwa kupunguza mwendo. Waliowahi kuweka kanda kwenye redio yenye betri zilizokwisha wanajua: mwimbaji anakuwa mzito, anavuta maneno, na sauti yake inashuka. Ukipunguza mwendo nusu, sauti inashuka oktava moja, yaani masafa yake yanabaki nusu. Ukigawanya kwa 16, umeshuka oktava nne.

Chukua popo anayelia kwa kilohezi 80, kilio chake kikiwa cha sehemu 40 za elfu za sekunde. Gawanya kwa 16: kinashuka hadi kilohezi 5, karibu na mluzi mwembamba sana, na kinadumu zaidi kidogo ya nusu sekunde. Gawanya kwa 32: kilohezi 2.5, na sasa kinavuta sekunde 1 na robo. Ni kilio kilekile. Hakuna nilichokiongeza.

Kwa tembo ni kinyume, mtu huongeza mwendo. Ngurumo ya hezi 16 ukiizidisha mara 8 inapanda hadi hezi 128, mahali ambapo mwanamume wa besi katika kwaya anaimba bila shida.

Basi si umebuni tu? Hivyo ndivyo popo anavyosikika kweli?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na aliyeniuliza kwa ukali zaidi alikuwa mama mmoja mwalimu wa kwaya, huko Bagira. Alisema: "Wewe unatuambia huyu ni popo. Mimi nasikia ndege. Nani kasema ukweli?"

Nilimjibu hivi, na bado ndilo jibu langu. Hakuna namna popo "anavyosikika kweli" kwa mtu, kwa sababu kwa mtu hasikiki. Ninachoweza kukuletea si sauti yake ila vipimo vyake: jinsi noti moja inavyosimama mbali na nyingine, jinsi kilio kinavyopanda na kushuka, jinsi nafasi kati ya vilio inavyobana. Nikipunguza mwendo kwa namba moja mwanzo hadi mwisho, vipimo hivyo havivunjiki. Nikimshusha popo wa kwanza kwa 16 na wa pili kwa 10 kwa sababu eti wanapendeza hivyo pamoja, nimeshawaimbisha wimbo ambao hawakuuimba.

Ndiyo maana kila kipande changu kina namba karibu na jina lake, na kabla ya kupiga huitaja kwa sauti: "Hiki kimegawanywa kwa 16." Watu wengine wanaona naharibu uchawi wa jambo. Mimi naona bila namba hiyo nawadanganya wasikilizaji, na wamekuja kwa moyo mweupe. Baada ya hapo naweza kuweka gitaa, naweza kuweka likembe, naweza kurudia kilio kimoja mara kumi. Hayo ni yangu, na msikilizaji anajua ni yangu. Ila umbali ambao sauti imesafirishwa lazima utajwe.

Yule mama alikubali nusu. Alisema angependa namba iandikwe pia kwenye karatasi ya programu, si kutamkwa tu. Tangu siku hiyo naandika.

Unatumia vifaa gani?

Kwa popo natumia kinasa sauti kidogo kinachoitwa AudioMoth, cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, kinachokula betri tatu za kawaida na kadi ndogo ya kumbukumbu. Kinaweza kuchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 384,000 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kujivunia tu. Sheria ya kurekodi ni kwamba sampuli ziwe angalau mara mbili ya masafa unayotaka kunasa: sampuli 44,100 za CD zinafika kilohezi 22 tu, ila 384,000 zinakupandisha hadi kilohezi 192.

Nimejifunza sheria hii kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza nilifunga kinasa kwenye mti usiku nne mfululizo, mvua ikinyesha, nikarudi nacho nikiwa nimekifunga kwenye nailoni kama yai. Nyumbani nikafungua mafaili: wadudu, mvua, vyura, na juu ya kilohezi 24 hakuna kitu kabisa. Nilikuwa nimeacha mpangilio wa sampuli 48,000. Popo walipita mbele ya kinasa usiku nne na hakuna hata mmoja aliyeingia. Sasa kabla ya kuondoka naandika mpangilio kwa kalamu kwenye plasta na kuibandika juu ya kinasa chenyewe.

Jiandae na nafasi ya kuhifadhi. Kwa kasi hiyo saa moja inakula karibu gigabaiti 2.8, na kadi ya gigabaiti 64 inajaa kwa saa 23 hivi. Mimi nakiamuru kirekodi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kisha saa moja kabla ya mapambazuko.

Kwenye kompyuta natumia Audacity, ambayo ni bure. Kabla ya kusikiliza, tazama: fungua spektogramu, ile picha inayoonyesha muda ukienda kulia na masafa yakipanda juu. Kilio cha popo kinaonekana kama ukucha mweupe. Ukishazoea, macho yanapata kwa dakika tano kile ambacho masikio yangetafuta usiku kucha.

Siwezi kutumia simu yangu?

Kwa popo, hapana. Simu nyingi zinarekodi kwa sampuli 44,100 au 48,000, na maikrofoni zake zimetengenezwa kwa sauti ya mtu. Kwa mchwa, ndiyo, ukiwa na kidude kifuatacho.

Ni kidude gani hicho chenye waya?

Ni piezo: kisahani cha shaba cha ukubwa wa sarafu, chenye duara jeupe katikati. Kimo ndani ya saa za mezani zenye kengele na midoli inayoimba. Fundi wa redio sokoni Kadutu alinitolea kimoja kutoka kwenye saa mbovu, akalehemu waya mbili, moja kwenye shaba na nyingine kwenye ile sehemu nyeupe, akaweka kichwa cha kuchomeka kwenye kinasa. Akakigonga kwa ukucha, spika ikapiga kishindo, akacheka kwa furaha. Kidude hiki hakijali hewa. Kinasikia kile kinachokigusa.

Nilikiweka kwa mara ya kwanza kwenye kichuguu katika uwanda wa Ruzizi, nikiwa nimekibana kwenye ufa kwa udongo mbichi. Nikagonga kichuguu kwa kijiti. Kwanza kimya. Halafu mvumo kama mtu anayekuna kikapu, ukitoka chini, ukizimika, ukiitikiwa kutoka mahali pengine. Hao ni mchwa askari. Wanapohisi hatari hugonga vichwa vyao chini, na watafiti waliowapima mchwa wa jamii ya Macrotermes kusini mwa Afrika walikuta mapigo kama 11 kwa sekunde. Wenzao hawasikii kwa masikio. Wanahisi kwa miguu, kisha nao wanagonga, na habari inasafiri hivyo hadi ndani ya kichuguu.

Nikipunguza mwendo mara 4, mapigo 11 yanakuwa karibu 3 kwa sekunde, na kila pigo linashuka oktava mbili na kuwa ngoma. Sikuongeza ngoma yoyote kwenye kipande kile. Watu walicheza.

Unatungaje sasa? Unaanza wapi?

Naanza kwa kukaa na kilio kimoja hadi nikielewe kinafanya kazi gani, maana popo halii kwa kupendeza. Analia ili aone: anatuma sauti, mwangwi unarudi, na kutokana na mwangwi anajua mti uko wapi, nondo yuko wapi, nondo anakwenda upande gani.

Tazama popo anayewinda. Mwanzoni vilio viko mbalimbali, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akigundua mdudu, anavibana. Akimkaribia, vinamiminika hadi zaidi ya 150 kwa sekunde, kisha ghafla kimya: amemkamata, au amemkosa. Ukigawanya kwa 10 unapata mwendo ambao mpiga ngoma yeyote anautambua, taratibu, haraka, mvurumisho, kukata. Nimejenga kipande kizima juu ya mwindo mmoja wa namna hiyo, uliodumu sekunde 2 tu msituni. Kwenye gitaa nilifuata nafasi zilezile kati ya vilio, sikuzinyoosha ziingie kwenye midundo minne. Mpiga gitaa mwenzangu aliumia kwa wiki mbili kujifunza, halafu akaniambia vidole vyake vimeanza kuwinda.

Kinachonishangaza zaidi ni popo wenye pua ya umbo la kwato ya farasi. Wao wanashika noti moja iliyonyooka, karibu kama filimbi, yenye mkunjo mdogo mwanzoni na mwishoni. Sasa, ukiruka kuelekea ukutani huku ukilia, mwangwi unarudi ukiwa juu kidogo kuliko ulivyolia, kama vile honi ya pikipiki inayokujia ilivyo juu kuliko ile inayokuacha. Mwaka 1968 Mjerumani Hans-Ulrich Schnitzler alionyesha kwamba popo hawa hushusha sauti yao wanaporuka, kiasi kinachotosha tu ili mwangwi urudi kwenye noti ambayo sikio lao linaisikia vizuri kuliko zote. Yaani popo analinganisha sauti yake akiwa hewani, gizani, kwa kila kilio. Sisi tunasimamisha wimbo ili kulinganisha nyuzi.

Mmoja wa jamii hii, Rhinolophus kahuzi, ana jina la mlima wetu. Wanasayansi walimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Milima ile imetazamwa na watu wa Bukavu tangu zamani, na kulikuwa na popo ndani yake asiye na jina kwenye vitabu.

Umerekodi wapi?

Nyingi nimezirekodi pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, upande wa Tshivanga, kilomita 30 na kitu kutoka mjini kwa njia inayopita mahali paitwapo Miti. Hifadhi ilianzishwa 1970, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ruhusa hutolewa na ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira, na usiingie bila askari wa hifadhi. Rekodi zangu za huko zote ni za kabla ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu. Tangu hapo sijapanda tena, nami simshauri mtu apande kwa ajili ya muziki.

Kwa nini kipande chako kirefu hakina besi?

Wengi hudhani spika zimeharibika. Hapana.

Katika msitu wenye tembo, sehemu ya chini kabisa ya sauti ni yao. Ngurumo zao haziliwi na majani kama vilio vya popo. Kilio cha popo cha masafa ya juu kinamezwa na hewa ndani ya mita chache, makumi machache ukibahatika, wakati ngurumo ya tembo inakwenda kilomita kadhaa. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wanawasikiliza tembo wa msituni huko Afrika ya Kati kwa vinasa vilivyofungwa juu ya miti: msitu mzito unaficha mwili wa tembo, hauwezi kuficha ngurumo.

Upande wa milimani wa Kahuzi-Biega, tembo waliuawa karibu wote wakati wa vita vya miaka ya 1990. Niliacha kinasa kikirekodi hadi chini kadiri kinavyoweza. Nikaharakisha mara 8. Nikapata upepo, radi moja ya mbali, na lori linalopanda barabara.

Ningeweza kuchukua ngurumo kutoka nchi nyingine na kuiweka. Nilijaribu hata, na ilipendeza sana. Nikaitoa. Katika kipande kile kila kitu chini ya hezi 130 nimekikata, hata kwenye gitaa, na mahali pale pamebaki wazi dakika zote 19. Ukihisi kuna kitu kimekosekana, umesikia vizuri.

Sauti hizi ni za nani?

Kisheria, popo hana haki ya mtunzi. Kazi ya mtunzi inaweza kuandikishwa SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, kama wimbo mwingine. Hilo ni rahisi.

Lisilo rahisi ni Batwa. Waliishi ndani ya msitu huu kabla haujaitwa hifadhi, wakatolewa katika miaka ya 1970, na wengi bado wanaishi kando kando yake bila ardhi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Mzee mmoja wa Kitwa alisikiliza kipande changu akiwa amevaa vipokea sauti vyangu, macho chini, hadi mwisho. Akaniambia popo wale anawajua kwa mti wanaotokea, na akanitajia mti. Sikuwa nimeuandika popote. Sasa ninapopata malipo ya onyesho lenye rekodi za Tshivanga, sehemu inakwenda kwa kijiji chake, kwa makubaliano tuliyofanya mbele ya watu. Si zawadi. Yeye ni mwalimu wangu katika kazi hii, na mwalimu hulipwa.

Popo si mnyama wa wachawi? Huogopi?

Naulizwa hili kanisani zaidi kuliko kwingine, na kwa heshima najibu: sijasikia uchawi ndani ya vilio vile, nimesikia kiumbe anayetafuta chakula gizani kwa ustadi aliopewa. Akila mbu na nondo, anatusaidia.

Hofu iliyo na msingi ni ya ugonjwa. Usiingie kwenye mapango ya popo na usimshike popo kwa mikono. Virusi vya Marburg viliwaua wachimba dhahabu wa Durba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, kati ya 1998 na 2000, na popo wa mapangoni wanaokula matunda ndio wanaovibeba. Kazi hii haidai umguse mnyama yeyote wa msituni. Unafunga kinasa kwenye mti, unaondoka.

Nianzie wapi kama siwezi kwenda msituni?

Anzia nyuma ya nyumba. Popo wanaokula wadudu wako mjini, chini ya mabati na kwenye nyufa za kuta. Tafuta taa ya nje inayovuta wadudu, au mti wa avokado ulio karibu na uwazi. Weka kinasa juu ya ukuta, mbali na jenereta, sampuli 250,000 au zaidi, saa 12 na robo jioni. Zima simu, kwa sababu nayo hutoa kelele za juu zinazoingia kwenye rekodi. Kaa kimya nusu saa. Utaona vivuli vinapita bila sauti. Hesabu mara ngapi vimepita na uandike saa, ili kesho ukifungua spektogramu ujue ukucha upi ni wa kivuli kipi.